Nilimwambia "hapa hatupimi sukari", kumbe nimemdanganya. Uzi wa sukari zilizo juu ya seli

#1 KigaeCheupe (mtoa mada)

Wakuu, habari za usiku. Niko zamu, benki ya damu imetulia, chupa zote zilizoagizwa zimeshapanda wodini. Acha niandike kitu kilichonikaa kichwani tangu jioni.

Mama mmoja wa makamo aliletwa kupimwa group, anaandaliwa operesheni. Nikamchoma kidole, nikaweka matone matatu kwenye kigae, nikawa nakoroga. Akaniuliza, "Mwanangu, sukari yangu imepanda?" Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "Mama, hapa hatupimi sukari, tunapima group." Akaitikia, akanyamaza.

Alipoondoka nikajicheka mwenyewe. Miaka kumi na moja nakaa kwenye kiti hiki, na ninachopima kutwa ni sukari. Group la damu ni sukari. Si ile ya kwenye chai wala ile inayopanda kwa mgonjwa wa kisukari, ila ni sukari kweli, ya kikemia kabisa.

Iko hivi. Seli za mwili wako haziko uchi. Wale wa Unguja na Tanga wanalijua shokishoki, lile tunda jekundu lenye manyoya. Seli iko hivyo. Juu ya utando wake zimeota nyuzi nyuzi za sukari, molekuli moja imeshonwa na nyingine kama shanga, nyingine zina matawi. Shina la kila uzi limeshikiliwa na protini au na mafuta ya utando. Kitu chochote kinachotaka kuigusa seli, kiwe kirafiki au cha kiadui, kinaanza kugusa manyoya hayo.

Sasa chukua seli nyekundu. Kwenye ncha za nyuzi zake kuna shanga iitwayo galaktosi, na pembeni yake imepachikwa nyingine, fukosi. Ncha hiyo tunaiita H. Mtu wa group O anaishia hapo. Mtu wa A ana kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia mwilini, kinachoongeza shanga moja ya asetili-galaktosamini. Mtu wa B kimeng'enya chake kinaongeza galaktosi. AB anavyo vyote viwili. Basi. Hiyo ndiyo tofauti nzima inayotufanya tukimbizane usiku kutafuta ndugu wa mgonjwa. Mtu wa A wa kawaida ana takriban ncha milioni moja za namna hiyo kwenye seli moja nyekundu.

Na vimeng'enya vyenyewe ni kama mapacha. Protini yake imeungwa kwa vipande 354 viitwavyo amino asidi, na cha A kinatofautiana na cha B kwa nne tu. Wa O naye kinasaba anacho, ila kwa walio wengi kuna herufi moja iliyodondoka, na kuanzia pale maneno yote yanayofuata yamevurugika, kwa hiyo kimeng'enya kinachotoka ni kibovu.

Kwenye kigae mimi naona hivi: tone la kwanza naweka dawa ya bluu, ni anti-A, yaani kingamwili zinazoshika shanga ya A. La pili ya njano, anti-B. La tatu isiyo na rangi, anti-D, ya kujua kama group ni chanya au hasi. Nakoroga kwa kijiti, nakiyumbisha kigae taratibu kwa dakika mbili. Kama shanga ya A ipo, damu kwenye tone la bluu inakatika kama maziwa yaliyolala: vidonge vidonge vyekundu, maji pembeni. Kama haipo, inabaki laini.

Aliyeliona jambo hili kwanza ni Karl Landsteiner kule Vienna, akachapisha 1901 baada ya kuchanganya damu yake na za wenzake wa maabara. Nobel akapewa 1930. Lakini kwamba kinachotofautisha ni sukari, hilo lilisubiri karibu nusu karne, mpaka Winifred Watkins na Walter Morgan wa Taasisi ya Lister, London. Njia yao naipenda sana. Ilijulikana kwamba majimaji ya damu ya samaki mkunga yanakamatisha seli za watu wa O. Wakayachanganya na sukari moja moja, kisha wakaweka seli. Ilipowekwa fukosi, seli hazikukamatana tena. Maana yake mkunga alikuwa anatafuta fukosi, akaipata njiani, mikono ikajaa. Hiyo ilikuwa 1952.

Nakaribisha maswali. Nikichelewa kujibu mjue nimeitwa leba.

#2 Mtu_wa_Gongo_la_Mboto

Siti ya mbele hapa. Shanga tena? Mkuu unaanza vizuri.

#3 NesiMkunga_Kisumu

Mkunga mwenye damu inayokamata group O! Nimesoma mara mbili nikidhani ni sisi tunasemwa 😂

#4 KigaeCheupe

Dada, nakusalimu. Hapana, ni yule wa majini.

#5 BabaZubeda

Swali la mtu mwenye kisukari tangu 2014. Kama group ni sukari, mimi sukari ikipanda group langu linaweza kubadilika? Na ile HbA1c wanayonipima kila miezi mitatu ndiyo hiyo hiyo?

#6 KigaeCheupe

Swali zuri sana, na ndilo linalowachanganya wengi. Jibu ni hapana kwa yote mawili.

Sukari za juu ya seli zinajengwa. Ndani ya seli kuna karakana, mafundi wake ni vimeng'enya, kila fundi anajua shanga moja na mahali pa kuipachika, na maelekezo yanatoka kwenye vinasaba. Ukila ugali au ukala keki, fundi wako wa A ataendelea kuweka shanga ya A.

HbA1c ni jambo jingine. Pale glukosi iliyozagaa kwenye damu inajigandisha yenyewe kwenye hemoglobini, bila fundi. Ni kama vumbi la barabarani kwenye gari, na lile la karakana ni kama rangi. Kadiri sukari ilivyokuwa juu wiki zilizopita, ndivyo vumbi linavyokuwa nene. Na kwa kuwa seli nyekundu inaishi siku kama 120, daktari akiangalia unene wa vumbi anapata picha ya miezi miwili mitatu. Endelea kuipima, mzee wangu, hiyo usiiache.

#7 Mwl_Fizikia

Na chanya na hasi? O chanya, O hasi. Nayo sukari?

#8 KigaeCheupe

Hapana mwalimu, ile D ni protini, haina shanga. Ndiyo maana tabia zake ni tofauti. Mtu wa D hasi hana kingamwili za kupinga D mpaka akutane na damu ya D chanya, kwa kuongezewa au kwa ujauzito. Lakini mtu wa O ana kingamwili za kupinga A na B hata kama hajawahi kuguswa na damu ya mtu. Amezipata wapi? Tumboni. Bakteria wa utumbo nao wamevaa sukari zinazofanana na A na B. Mtoto anazaliwa bila hizo kingamwili, ikifika miezi mitatu hadi sita anaanza kuzitengeneza kwa sababu bakteria wameshahamia. Yaani mwili wako unamchukia mtu wa group B kwa makosa ya kijidudu.

#9 Chizi_Maarifa

Mtoa mada naomba nikupinge kidogo. Unatuambia habari za tofauti tu. Hizi sukari kazi yake ni nini? Kama kazi ni kumuua mtu akiongezewa damu isiyo yake, basi hasara tupu. Kuongezewa damu kwenyewe ni jambo la juzi.

#10 KigaeCheupe

Hapo umegonga penyewe mkuu. Nikuanzie na ajabu. Mwaka 1952 huko Bombay, madaktari walikutana na watu ambao hata ile H hawana. Hawana A, hawana B, hawana ncha yenyewe ya kupachika. Ukiwapima kwa kigae utasema O, lakini ukiwapa damu ya O wanaweza kufa, kwa sababu miili yao inapinga H. Wanapokea damu ya wenzao tu. Na kwa mengine yote wana afya, wanazaa, wanazeeka. Kwa hiyo ile ncha ya group mwili unaweza kuishi bila yake.

Lakini usichukue ncha moja ukasema manyoya yote hayana kazi. Nitoe mbili ninazozijua.

Kwanza, seli nyeupe. Umechomwa na mwiba mguuni. Seli nyeupe inapita kwenye mshipa kwa kasi, kama gari la mwendokasi, inajuaje ishukie wapi? Kuta za mshipa karibu na jeraha zinaota protini ziitwazo selektini, ambazo kazi yake ni kushika sukari fulani iliyo juu ya seli nyeupe, yenye ile fukosi yetu ndani yake. Zinashika kwa ulegevu. Seli inanaswa, inaachiwa, inanaswa, ikawa inabiringika ukutani polepole hadi isimame, ndipo ipenye nje kwenda kwenye usaha. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na hitilafu ya kupeleka fukosi kwenye karakana. Seli zao nyeupe zimejaa kwenye damu, lakini hazijui kusimama. Wanaugua maambukizi kila mara na vidonda havitoi usaha. Na kwa kuwa fukosi haiwekwi, baadhi yao wanapimwa wanakutwa ni Bombay. Baadhi wamesaidika kwa kupewa fukosi kwa mdomo. Sukari, kama dawa.

Pili, tarehe ya kuisha muda. Protini nyingi za kwenye damu nyuzi zake zinaishia na shanga iitwayo asidi ya siali. Inachakaa, inadondoka, na galaktosi iliyokuwa chini yake inabaki wazi. Ini lina mkono unaotafuta galaktosi iliyo wazi. Likiiona, linavuta protini nzima na kuivunja. Hiyo iligunduliwa na Ashwell na Morell kule Marekani walipoondoa asidi ya siali kwenye protini, wakaichoma kwa mnyama, ikatoweka kwenye damu ndani ya dakika chache. Walikuwa wanatarajia ikae siku kadhaa.

#11 Chizi_Maarifa

Sawa hapo nimekuelewa. Lakini bado hujanijibu kwa nini tuwe na A, B na O. Kama Bombay anaishi, kwa nini wote tusiwe aina moja?

#12 NesiMkunga_Kisumu

Hapo niingie mimi, mtoa mada akiniruhusu, maana jibu moja liko kwetu: malaria.

Vimelea vya malaria viitwavyo falsiparumu vikishaingia kwenye seli nyekundu vinaisukuma itoe mikono nje. Mikono ile inashika seli nyekundu nyingine ambazo ni nzima, zinakaa kuizunguka kama petali za ua. Mafungu hayo yanaziba mishipa midogo, hata ya ubongo. Na mikono inashika sukari za A na B vizuri kuliko ncha tupu ya O. Utafiti wa Mali uliochapishwa 2007 ulikuta watu wa O wana uwezekano mdogo wa kupata malaria kali, pungufu kwa takriban theluthi mbili. Wasome vizuri hapa: malaria kali. Mtu wa O anaumwa malaria kama wengine, na neti alale ndani.

#13 KigaeCheupe

Asante dada. Na upande wa pili wa shilingi ni kipindupindu. Sumu ya kipindupindu inashika sukari moja ya utumbo iitwayo GM1, kila mtu anayo. Lakini kwa sababu ambazo bado zinachimbwa, mtu wa O akishaupata ugonjwa unamshika vibaya kuliko wengine. Kwenye delta ya mto Ganges, kule India na Bangladesh, ambako kipindupindu kimekaa karne na karne, watu wa O ni wachache kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwa hiyo Chizi_Maarifa, group linalokuokoa kwenye mbu linakuponza kwenye maji machafu. Hakuna shanga iliyo bora kila mahali, na nadhani ndiyo sababu zote zimebaki. Mdudu akijifunza kufungua kufuli moja, angalau mlango wa jirani una kufuli tofauti.

Halafu kuna moja kubwa zaidi ya A na B. Ile asidi ya siali. Wanyama wengi, wakiwemo sokwe wa Gombe na Mahale, wana aina mbili. Binadamu tuna moja tu. Kinasaba kinachotengeneza ya pili kilituharibikia miaka milioni mbili au tatu iliyopita, kabla hatujawa watu hawa. Ajit Varki na wenzake wa San Diego ndio waliolifukua. Wanasema inawezekana ilitukinga na malaria ya sokwe ya wakati ule, maana vimelea vyao vinapenda kushika ile aina tuliyoipoteza. Falsiparumu yetu inapenda ile tuliyobaki nayo. Mdudu naye ametufuata.

#14 NesiMkunga_Kisumu

Nimetoka kumhudumia mtu, sasa ngoja niseme lile nililolijia.

Kila mkunga wa ukanda huu wa ziwa analijua jambo hili hata kama hajui sababu yake. Msichana mwenye mimba ya kwanza, amekulia hapa hapa, ameumwa malaria utotoni mpaka mwili ukazoea. Ana miaka ishirini, hajalazwa tangu darasa la tatu. Akipata mimba, malaria inamrudia kama mgeni aliyetoka Ulaya jana. Damu inakwisha, mtoto anazaliwa mdogo. Mimba ya pili inakuwa nafuu. Ya tatu, nafuu zaidi. Wazee walikuwa wanasema ni damu mbili hazijapatana.

Sababu ni sukari. Kondo la nyuma upande wa mama limevaa mnyororo mrefu wa sukari uitwao kondroitini salfeti A, wa aina ambayo haipatikani hivyo mahali pengine mwilini. Vimelea vina mkono mmoja maalumu kwa ajili ya mnyororo huo, siku hizi unaitwa VAR2CSA. Mwanamke asiye na mimba hana kondo, kwa hiyo mwili wake haujawahi kuuona mkono huo wala kuutengenezea kingamwili. Kondo likiota tu, vimelea vimepata ukuta wa kujishikilia, vinajaa mle. Mimba ikirudia, mwili umeshajifunza.

Mnajua walilithibitisha wapi? Hapa Kisumu. Michal Fried na Patrick Duffy walichukua vimelea kutoka kwenye makondo ya kina mama waliojifungua, wakaonyesha vinashika sukari hiyo, na vile vya wagonjwa wa kawaida havifanyi hivyo. Ikachapishwa 1996. Baadaye kazi yao ikaendelea Muheza, Tanga. Leo chanjo mbili za kuuziba mkono huo zimeshajaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo.

Kabla hazijafika, jamani, kliniki mje mapema mpewe vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Mnatuletea mimba ya miezi saba halafu mnauliza kwa nini damu iko chini.

#15 Shokishoki_la_Dole

Dada mkunga nimesoma nywele zimenisimama. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa Korogwe, ilikuwa hivyo hivyo. Wa pili na wa tatu nikawa sijui hata homa. Mama mkwe alisema ni kwa sababu wa kwanza ni wa kike.

#16 Mtu_wa_Gongo_la_Mboto

Mama mkwe naye apewe uzi huu asome.

#17 DawaYaMitishamba

Nimesikia mtu anasema kuna lishe kwa kila group la damu, O ale nyama, A ale mboga. Je ni kweli kutokana na sukari hizi?

#18 KigaeCheupe

Hapana. Chuo Kikuu cha Toronto walilipima jambo hilo kwa watu 1,455 wakatoa majibu 2014. Waliofuata lishe ya mboga walikuwa na afya nzuri kidogo, wawe A, B au O. Group halikubadilisha kitu. Kula kulingana na mfuko wako.

Ila chakula na sukari za seli vinakutana mahali pengine, kwenye maharage. Mimea mingi hutengeneza protini za kushika sukari, zinaitwa lektini. Ya kwanza kuandikwa ilitoka kwenye mbegu za mbarika, hizi hizi tunazokamua mafuta ya nyonyo. Mwanafunzi mmoja, Stillmark, huko Dorpat (leo Tartu, Estonia) mwaka 1888, alikuta rojo ya mbegu hizo inakamatisha seli nyekundu. Sumu yenyewe, risini, inaingia kwenye seli kwa kushika galaktosi za juu yake. Bahati nzuri haitoki na mafuta, inabaki kwenye mashudu. Ndiyo maana mashudu ya nyonyo humpi ng'ombe.

Na maabara tunazo lektini kama dawa za kazi. Kuna moja ya mbegu za jamii ya kunde, inatofautisha A wa kwanza na A wa pili, aina mbili ndogo za group A. Mbegu ya shambani inasoma group lako.

#19 MamaLishe_Tandika

Maharage yana nini tena? Mimi ndiyo biashara yangu. Kubana matumizi ya mkaa huwa nayamwagia maji ya moto kwenye chupa kubwa ya chai usiku, asubuhi yamelainika, napasha kidogo natia nazi.

#20 KigaeCheupe

Mama, hapo naomba unisikilize. Maharage mekundu mabichi yana lektini nyingi, inashika sukari za ukuta wa utumbo. Mtu akila hata punje chache zisizochemka vizuri anatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Moto mkali unaiua, moto wa uvuguvugu hauitoshi. Chupa ya chai maji yake yanapoa, harage linalainika huku sumu ipo. Mteja anaona limeiva, tumbo lake linakataa.

Si lazima uache chupa. Loweka, mwaga maji yale, weka maji mapya, yatokote kabisa, yaruke, dakika kumi na zaidi. Baada ya hapo mimina kwenye chupa yako yamalizie kulainika. Mkaa bado utabana.

#21 MamaLishe_Tandika

Haya. Kuna siku wateja watatu walinilalamikia matumbo nikasingizia maji. Mungu anisamehe.

#22 Mwl_Fizikia

Mtoa mada, mwanangu amepewa chanjo ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14. Karatasi imeandikwa ina "sukari ya bakteria iliyounganishwa na protini". Ina uhusiano?

#23 KigaeCheupe

Ina uhusiano wa moja kwa moja. Bakteria wa nimonia amejifunika joho la sukari, linateleza, seli nyeupe zinashindwa kumshika. Ukimpa mtu mzima joho lile peke yake, mwili wake unajifunza. Mtoto wa chini ya miaka miwili ukimpa, mwili wake unaliangalia tu kama maji. Wajuzi wakalifunga joho kwenye protini. Mtoto anaitambua protini, anashtuka, anajifunza vyote viwili. Wazo hilo lilijaribiwa na Avery na Goebel tangu miaka ya mwisho ya 1920 huko New York, likakaa miongo bila kufika kwa watoto.

Mfano wa karibu ni Kilifi. Kenya ilianza chanjo ya Hib, bakteria mwingine wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, ya aina hiyo hiyo ya joho na protini, mwishoni mwa 2001. Ndani ya miaka mitatu hivi, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa Kilifi ulishuka kwa asilimia 88. Chanjo ya nimonia yenyewe Kenya imeanza 2011, sisi Tanzania 2013. Sijui kama kuna sukari nyingine iliyookoa watoto wengi hivyo.

#24 Chizi_Maarifa

Mimi nauliza la mafua ya ndege. H5N1, H1N1, hizo H na N ni nini?

#25 DaktariWaMifugo_Iringa

Niachieni hiyo. H ni mkono, N ni mkasi. Kirusi cha mafua kinashika asidi ya siali kwa H, kinaingia. Kikishazaana, watoto wake wanakwama kwenye asidi ya siali ile ile wakitoka, kwa hiyo N inakata ili waondoke. Dawa ya oseltamiviri inaziba mkasi.

Kinachotulinda mpaka sasa ni kiungo kidogo: asidi ya siali ya kwenye utumbo wa ndege imeunganishwa kwa pembe moja, ya kwenye koo na pua za watu kwa pembe nyingine. H ya kuku inapenda pembe ya kuku. Nguruwe ana zote mbili, ndiyo maana tukisikia mafua kwenye mabanda ya nguruwe hatulali.

Na kwa kuwa nimemtaja nguruwe: ule moyo wa nguruwe aliowekewa mgonjwa huko Maryland Januari 2022, vinasaba kumi vilibadilishwa, na vitatu kati yake vilizimwa ili kuondoa sukari ambazo mwili wa binadamu ungezipinga papo hapo. Mgonjwa aliishi miezi miwili. Moyo haukukataliwa dakika zile za kwanza, ambazo zamani ndizo zilizokuwa ukuta.

#26 Kahawa_Chungu

Kuna mtu aliniambia kahawa inabadilisha group la damu. Nilimcheka.

#27 KigaeCheupe

Ukiinywa, hapana. Lakini rafiki yako hakuwa mbali na ukweli. Buni mbichi ina kimeng'enya kinachokata galaktosi ya mwisho. Ukikata galaktosi ya B kinabaki nini? H. Yaani O. Mwaka 1982 New York walifanya hivyo, wakachukua damu ya B wakaigeuza O, wakawaongezea watu wa A na O, ikaishi vizuri. Kilichokwamisha ni kiasi kikubwa cha kimeng'enya kilichohitajika, na A ilikuwa ngumu zaidi kukata. Mwaka 2019 watafiti wa Vancouver, Kanada, wakapata vimeng'enya vya kukata A kutoka kwa bakteria wa utumbo wa binadamu. Bado haijafika kwenye friji yangu. Siku ikifika nitaacha kupigia watu simu saa tisa usiku.

#28 Asiyejulikana_77

Samahani nauliza kwa jina la kuficha. Kadi yangu inasema O. Mke wangu O. Mtoto wetu wa miaka minne alipimwa juzi ni A. Sijalala tangu Jumanne. Sijamwambia mke wangu kitu.

#29 Mtu_wa_Gongo_la_Mboto

Ndugu yangu pole. Hapo…

#30 KigaeCheupe

Gongo la Mboto, tafadhali, hilo lisifanyiwe utani.

Ndugu, kwa kawaida wa O wawili hawapati mtoto wa A. Lakini kabla hujafungua mdomo kwa mkeo, jibu haya: kadi yako uliandikiwa lini na wapi? Mara ngapi umepimwa? Walikupima upande mmoja au pande mbili? Upande wa kwanza ni ule wa kigae, kutafuta shanga kwenye seli zako. Upande wa pili ni kuchukua majimaji ya damu yako na kuyatia kwenye seli za A na za B zinazojulikana. O wa kweli majimaji yake yanakamatisha zote mbili. Nenda kapimwe upya, wewe na mama na mtoto, na useme unataka pande zote mbili. Na ikitokea bado mna mashaka, group si kipimo cha uzazi, hicho ni cha DNA kwa Mkemia Mkuu.

#31 Asiyejulikana_77

Kadi ni ya kidato cha nne, walikuja shuleni na meza, tulipanga foleni watu mia tatu. Nimepimwa mara moja tu maishani.

#32 KigaeCheupe

Watu mia tatu na kigae kimoja. Nenda kesho.

#33 Asiyejulikana_77

Wakuu nimerudi, siku nne baadaye. Tumepimwa wote watatu, nilisema ni kwa ajili ya bima. Dada wa maabara aliniita pembeni. Kwenye kigae tone la bluu lilikaa laini, akaniandikia O. Kisha upande wa pili seli za A hazikukamatana na majimaji yangu. Akasema haiwezekani, akarudia kwa mrija, akazungusha kwenye mashine, akaangalia kwa darubini. Vidonge vidogo vidogo. Mimi ni A, ila A dhaifu. Alisema kimeng'enya changu ni mvivu, shanga zangu ni chache.

Nimeingia nyumbani nimebeba mkate na maziwa, mke wangu ananiuliza leo kuna nini.

#34 KigaeCheupe

Alhamdulillah. Huyo dada ni mtu wa kazi, wengi wangesaini O wakaenda chai. Kadi ya shule ichane, mpya iandikwe kabisa "A dhaifu", na ikitokea siku unahitaji damu waonyeshe kabla hawajachoma.

#35 NesiMkunga_Kisumu

Na mkeo usimwambie kamwe ulikuwa na mawazo gani.

#36 Asiyejulikana_77

Dada, nimeshafuta hadi historia ya simu.